Mkwe Alimkaribisha Mjukuu Wangu Apite, Naye Akapita

(Mama huyu ametuomba tulifiche jina lake na kijiji chake. Mengine yote tumeyaacha alivyoyasema.)

Wasomaji, hamjambo. Mimi ni bibi wa huku Kilosa, miaka yangu sitini na nane kwa hesabu ya marehemu kaka yangu. Dawati sikulikalia hata siku moja. Anayeandika ni binti wa jirani, na nimemkataza kunisafishia maneno. Nina mjukuu wa kiume niliyemlea tangu hajaota meno, mama yake alipofariki. Sasa ni dereva, anabeba mchele wa Tindiga kupeleka Mikumi. Mke wake ana mimba ya miezi saba, na wiki mbili zilizopita baba yake alikuja kumchukua akamrudisha kwao. Kosa ni langu, na hilo tunalijua wawili tu, mimi na mjukuu wangu, na sasa huyu anayeandika.

Tangu magari ya mtumba yaanze kuingia kwa wingi, kila mwenye mashamba mawili ana gari lililochoka huko Dubai. Fundi mmoja aliomba uwanja wa ndege wa zamani wa shamba la mkonge, akapanga mapipa, akaufanya uwanja wa mbio. Jumapili mchana yeyote mwenye gari analipa kiingilio, anaingia kulikimbiza. Mimi nauza chai na magimbi pale getini. Sheria fundi kaziandika kwenye bati, na kila gari likiingia anazisema kwa sauti, mpaka mimi nisiyejua herufi nazijua kama dua. Wote mzunguke upande mmoja. Usisimame njiani. Kwenye kona hapitwi mtu. Mwendo wako ukiwa mdogo, sogea kushoto, washa taa ya kushoto, mwenzako apite kulia. Basi. Lakini hao waliosoma wanalitazama bati kama mbuzi anavyotazama redio.

Wa kwanza wao ni mkwe wetu, huyo baba wa binti. Gari alilinunua kabla hajajua kulirudisha nyuma. Kioo cha kutazamia nyuma amekigeuza ajione masharubu. Anakwenda katikati ya njia taratibu kama anasindikiza bibi harusi, na magari kumi nyuma yake yanapiga honi, naye anadhani anashangiliwa.

Jumapili moja mjukuu wangu, aliyeazimwa gari na fundi, akajikuta nyuma ya huyo mzee. Kwetu mkwe hapitwi. Hata kwa miguu ukimkuta njiani unajitenga pembeni, unachutama, unasalimia. Basi mtoto akamfuata mizunguko miwili. Mara mzee akaona rafiki yake kwenye uzio, akasimama katikati ya njia kumsalimia. Mjukuu wangu naye akasimama, akashuka, akachutama kwenye vumbi kutoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba kwa raha zake. Nyuma yao alikuwa anakuja kijana wa Kisukuma, mfugaji, mtani wangu mkubwa. Akawakwepa, akagonga pipa, gari likalala ubavu, mfupa wa bega ukavunjika. Tulipomlaza kwenye mkeka wangu akaniambia, "Bibi, ng'ombe wangu wana adabu kuliko wakwe zako. Wakisimama njiani, walau wananya." Nilicheka, lakini angechelewa kidogo tu kuwakwepa, ningekuwa naosha maiti ya mjukuu wangu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia, "Nje ya geti yule ni mkwe wako. Ndani ya geti ni gari bovu lililo mbele yako. Akikuwashia taa ya kushoto, mpite. Shikamoo utampa kwenye chai yangu."

Jumapili iliyofuata akafanya hivyohivyo. Alingoja mpaka kwenye njia iliyonyooka, mzee akasogea kushoto, akawasha taa, mtoto akapita kulia taratibu, wala hakumtimulia vumbi. Kisha akaja kwenye chai, akachutama, akasalimia. Mzee hakuitikia. Kesho yake akaja kumchukua binti yake. Nilipomuuliza kosa ni nini, ikiwa taa aliiwasha mwenyewe, akanijibu mbele ya majirani, "Mama, nilimkaribisha apite kama ninavyomkaribisha mtu chakula. Mtoto aliyelelewa angekataa."

Mnasikia maneno hayo? Taa ya gari imekuwa sahani ya ugali, unakaribishwa ili useme nimeshiba. Mtu mzima, ana masharubu.

Sasa wazee wao wanatuita. Wanataka mbuzi, wanataka mimi nipige magoti, na mjukuu wangu aape kwamba popote atakapomkuta mkwe wake kwenye usukani atabaki nyuma yake. Mbuzi ninaye. Magoti yanauma, lakini nitayapiga kwa ajili ya yule binti, maana nampenda, na juzi alituma mtu kuniuliza kama nimepata mkaa. Kiapo ndicho kinachoninyima usingizi. Si cha uwanjani tu, ni cha barabara zote, na mzee siku hizi analipeleka gari lake mpaka barabara kuu ya Mikumi, ambako malori yanashuka yamejaa. Mtoto wangu atajikokota nyuma ya mjinga yule huku lori linakuja mgongoni, kwa adabu.

Yeye yuko tayari kuapa. Anamtaka mke wake. Walipomuuliza nani alimfundisha kumpita mkwe, alisema ni kichwa chake mwenyewe. Alinificha, maana kijana akikosa analipa mbuzi, lakini wakijua ni mimi mkubwa niliyemtuma, watasema ukoo mzima umewatukana, na binti harudi tena.

Alhamisi wanatungoja. Wasomaji wangu, wenye kusoma na tusiosoma, niambieni: nifungue mdomo niseme nilimtuma mimi, kiapo kife lakini mtoto azaliwe mbali na baba yake? Au ninyamaze, nimtazame akiapa?