Picha za Kiwanda Kilichoota Miti

Watu wa mtaani walimwita Mama Kidevu, wala si kwa sababu ya kidevu chake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa na studio ya picha za pasipoti nyuma ya duka la dawa, na kila aliyeketi kwenye kiti chake cha kuzunguka aliambiwa neno lile lile: "Kidevu juu kidogo. Kidogo tu, hatutafuti ndege." Kisha simu zikaja na kamera ndani yake, maofisi nayo yakaanza kupiga watu picha palepale dirishani, na studio ikafa polepole, bila hata mtu wa kumlaumu. Siku aliyofunga mlango kwa mara ya mwisho alikuwa na miaka hamsini na minane, goti moja bovu na kamera moja nzuri.

Kazi aliyoipata baada ya hapo ilikuwa ya kupiga picha magofu. Ofisi ya majengo ilitaka kubomoa nyumba zote zilizotelekezwa, na kabla ya kubomoa ilibidi kila moja iwekewe kumbukumbu: mbele, nyuma, kushoto, kulia, kila chumba, kila ufa mkubwa. Majengo arobaini na matatu. Karani, mama mmoja aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, alimkabidhi orodha na kumwambia, "Hatutaki uzuri, dada yangu. Tunataka ushahidi."

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipopata habari alipiga simu kwa furaha. "Mama! Siku hizi watu wanasafiri mpaka nchi za nje kupiga picha kama hizo. Nyumba zimemezwa na miti, zinapendeza mno!"

"Njoo basi upendezwe na siafu," akajibu Mama Kidevu.

Hakuwa anatania sana. Kwenye posta ya zamani mpapai ulikuwa umesimama nyuma ya kaunta kama mhudumu, na mzizi wake ulikuwa umeinua sakafu nzima. Kwenye zahanati mmea wa kutambaa ulikuwa umeingia kwa dirisha, ukapita ndani ya droo ya kabati, ukatokea upande wa pili ukiwa na maua. Mara ya kwanza alisimama akashangaa. Mara ya kumi alitazama tu mahali pa kuweka mguu. Alibeba stendi ya kamera begani, maji, panga dogo na kibao cha namba, na kila jioni alirudi na mikwaruzo mipya juu ya ile ya jana. Alichoka uchovu ule ambao kulala hakuutoi.

Nyumbani alimkuta mume wake dirishani akinoa visu vya majirani. Mzee alikuwa kiziwi. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa kufumia, mpaka kiwanda kilipofungwa. Ukitaka kusema naye ulimgusa bega kwanza, ukasimama mbele yake, ukafungua mdomo vizuri. Siku nyingi Mama Kidevu hakuwa na nguvu ya kufanya yote hayo kwa ajili ya kusema kwamba mkate umekwisha. Basi mkate uliisha kimyakimya.

Tena, kati yao palikuwa na jambo la zamani. Kabla ya daktari kuandika kwamba mzee hasikii, ilipita miaka minne ambayo mke aliongea na mume kama anaongea na ukuta. "Umetia pamba masikioni!" alikuwa akimpigia kelele. Siku mama yake mzazi alipokimbizwa hospitali, alimwambia mume kutoka mlangoni mwa jiko, huku akifunga kanga yake kwa haraka. Mume aliitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akaenda zake kazini. Mama Kidevu akaenda hospitali peke yake, akamkuta mama ameshakata roho. Baada ya mazishi alihamia kwa dada yake miezi saba. Alirudi kwa ajili ya watoto, na lile jambo likabaki pale ndani, halisemwi, hata daktari alipokuja kuandika.

Jengo la kumi na tisa kwenye orodha lilikuwa kiwanda cha nguo.

Alikwenda peke yake, hakumwambia mzee. Ramani ya ofisi ilionyesha lango, lakini mahali pa lango palikuwa na ukuta wa miti na miiba. Alikata na panga kwa saa nzima, akapiga picha mbili za majani, akarudi nyumbani amekasirika. Aliiacha kamera mezani akaenda kunawa. Aliporudi alimkuta mzee ameishika, ameisogeza karibu na macho.

"Hapa siyo langoni," mzee alisema kwa ile sauti yake kubwa ya asiyejisikia. "Hapa ni nyuma ya tanuri. Umekata miti ya bure."

Mama Kidevu akasimama mbele yake. "Basi lango liko wapi?"

"Huwezi kuelekezwa. Kesho nitakupeleka."

Kesho yake asubuhi mzee alivaa viatu vyake vya kazi, ambavyo soli zilikuwa zimeanza kuachama, akatangulia. Alipita kwenye mfereji mkavu, akainama chini ya bomba, akasukuma kijimlango cha chuma, na hao wakawa ndani. Mke alimfuata huku goti likimlilia.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa mrefu kuliko barabara ya mtaani kwao. Paa lilikuwa limeanguka nusu, na pale lilipoangukia, miti ilikuwa imeota, mashina yamekumbatia nguzo. Mashine zilikwishaondolewa, zilibaki boliti sakafuni, nne nne, mistari na mistari, na kila mahali pa boliti nyasi zilikuwa zimejitokeza. Mzee alitembea akihesabu kwa vidole. Akasimama.

"Yangu ilikuwa hapa."

Mkewe alipiga picha ya boliti nne. Akasema, "Sogea, unaweka kivuli." Mzee hakusikia, kwa hiyo akamgusa bega.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba cha kutia rangi. Mama Kidevu alitaka ukuta wote uingie kwenye picha moja, basi akaweka jicho kwenye kamera na kuanza kurudi nyuma, kama alivyofanya maisha yake yote. Hatua moja. Ya pili. Chini palikuwa na zulia zuri la majani mabichi. Mara akasikia ukelele, mkanda wa kamera ukamkaba shingo, akavutwa mbele kwa nguvu hata akaanguka kifudifudi juu ya mume wake.

"Una wazimu?" alifoka.

Mzee aliokota tofali, akalitupa kwenye lile zulia la majani. Tofali likapotea. Kikapita kitambo, kisha maji yakalia huko chini.

"Birika la rangi," mzee alisema. "Kina chake ni watu wawili, mmoja juu ya mwingine."

Wakakaa chini ukutani. Popo walizunguka darini kisha wakatulia. Ndipo mzee, akitazama lile shimo na si uso wa mkewe, akaanza kusema.

"Ile miaka minne. Sikuwa nakupuuza. Nilikuwa sikusikii."

Mama Kidevu akaiweka kamera mapajani.

"Kiwandani walianza kutupima masikio. Aliyeshindwa aliondolewa siku ileile. Mimi nilijifunza kusoma midomo ya wapimaji, nikapita. Nyumbani nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Siku ile ya mama yako niliona mdomo wako unacheza nikadhani unasema habari za mkate. Nikaitikia. Niliambiwa jioni na jirani."

Mama Kidevu alimgusa bega, akasubiri mpaka ageuke. "Ungeniambia jioni ileile."

"Ungemwambia dada yako. Dada yako angemwambia mumewe. Na huyo mumewe alikuwa msimamizi wa zamu ya pili pale kiwandani."

Na ni kweli. Angemwambia dada yake, kabla hata ya kuvua viatu. Aliitafuta ile hasira yake ya zamani, aliyoilisha miaka kumi na tano, akaikuta imekonda, haiwezi hata kusimama. Wala furaha hakuiona. Aliona tu jinsi alivyochoka, na jinsi mwenzake naye alivyochoka, na kwamba jua lilikuwa linahama.

"Bado ghala," alisema, akifungua mdomo vizuri. "Nivute."

Ofisini, karani alizipitia picha moja moja akigonga mhuri. Kwenye ile ya birika akasita. "Huyu mzee anafanya nini hapa? Hatutaki watu kwenye picha."

"Bila mtu utajuaje ukubwa wa shimo?"

Karani alivua miwani, akatazama, akavaa tena. Akagonga mhuri, kisha akaandika pembeni kwamba wabomoaji wazungushie uzio kwanza.

Jioni hiyo Mama Kidevu alimpigia dada yake akamweleza yote.

"Yaani nimemchukia shemeji yangu bure miaka yote hii?"

"Si bure kabisa," alisema Mama Kidevu. "Lakini punguza."

Jengo la ishirini lilikuwa bweni la wanafunzi. Mzee alikuja na panga na stendi, bila kuitwa, akalalamika njia nzima kwamba stendi imetengenezwa na mtu asiyekuwa na mabega. Walifika mlangoni, wakatazama juu. Ngazi hazikuwa na reli, na kutoka dirisha la juu kabisa mti ulikuwa umetoa tawi nje.

"Ghorofa tatu," alisema mume.

Mke akageuka kumwelekea. "Ghorofa tatu."

Wakakaa kwenye ngazi ya kwanza, wapumzike kwanza.