Kopo la Mwanyumba Wangu

Mama mkwe wangu alivuta kiko. Aliishi nyuma ya misheni ya Asumbi, katika boma la mwanawe, na kila jioni ng'ombe wakishakamuliwa aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akavuta kiko kimoja tu, polepole. Mimi nililima tumbaku Uriri, upande wa kuelekea Ogwedhi, ile ya Virginia inayokaushwa kwa moto. Kwa hiyo tangu nioe, mtu wa kumpelekea tumbaku alikuwa mimi. Hakuna aliyepanga hivyo, ilieleweka tu.

Kwetu mkwe haketi na mama mkwe benchi moja, hali chakula mbele yake, wala hamzungumzishi ovyo. Nilikuwa nangoja nyumbani kwa shemeji yangu, ng'ambo ya ua, mke wangu akichukua kifurushi kukipeleka jikoni. Baadaye alirudi na jibu, na kwa miaka jibu lilikuwa moja: "Mama anasema asante, imefika."

Katikati ya miaka ya tisini likaja jibu jingine.

"Mama anasema asante, lakini usijisumbue. Yule wa Homa Bay amemletea."

Yule wa Homa Bay ni mume wa dada wa mke wangu, mwanyumba wangu. Aliuza vipuri vya baiskeli mjini. Hakuwa na mche hata mmoja wa tumbaku, na hata sigara hakuvuta.

"Amemletea nini?"

"Tumbaku. Iko kwa kopo. Mama anasema ni tamu, haimchomi ulimi. Yako inamchoma."

"Tangu lini inamchoma?"

"Tangu zamani. Alikuwa anakuheshimu tu."

Msimu ule nilichoma kuni zangu nikimfikiria mwanyumba. Shule niliiacha mapema. Niliyoyajua kuhusu jani niliyapata kwenye kijitabu cha kilimo kisicho na jalada, nilichonunua chini sokoni Migori, na kwenye bani langu, yaani kile kibanda cha udongo cha kukaushia. Jani bichi limejaa wanga. Ukilipa joto dogo na unyevu siku za mwanzo, linageuka manjano na ule wanga unageuka sukari. Ukiharakisha moto, jani linakauka kabla sukari haijatengenezeka. Ukichelewa, linakula sukari yake lenyewe na kuwa kahawia. Majani yangu yalitoka manjano kama limau, na wanunuzi waliyaweka daraja la juu. Sasa mwuza cheni za baiskeli alikuwa amenishinda kwa utamu.

Nikafikiri hivi: utamu ni sukari, basi nitaongeza sukari. Kwetu sukari guru haikosekani. Niliyeyusha kipande katika maji ya moto, nikayanyunyizia majani, nikayaanika kivulini, nikamkabidhi mke wangu kifurushi. Alikaa jikoni kwa mama yake muda mfupi kuliko kawaida.

"Mama anauliza kama umemletea tumbaku ama chai."

"Amevuta?"

"Amejaribu. Kiko kimeziba, amekikwangua na msumari. Na dada yangu alikuwa hapo. Amecheka mpaka akatoa machozi."

Dada huyo ndiye mke wa mwanyumba. Nilijua kwamba kabla ya jua kuzama kesho yake, Homa Bay yote itakuwa imesikia.

Nikajisokotea ile tumbaku yangu niione mwenyewe. Moshi ulikuwa wa moto na mchachu, ukanichoma ncha ya ulimi. Halafu nikasokota ile isiyonyunyiziwa kitu, jani langu bora la rangi ya limau, nikakuta uchungu uleule, umepungua kidogo tu. Hapo nilielewa jambo ambalo kijitabu hakikuniambia: sukari iliyonukia vizuri puani ndiyo hiyohiyo iliyomchoma mama mkwe. Sikuelewa mwenzangu aliikwepa vipi.

Nikaenda Homa Bay. Nilikuwa nimeshaamua kwamba anainunua ng'ambo ya mpaka, kwa Watanzania.

"Omera, ndugu yangu, karibu!" alisema kutoka nyuma ya matairi. "Umekuja kununua cheni ama kunichunguza?"

"Nimekuja kuwasalimia."

"Na huo uso? Keti."

Sikuzunguka sana. Niliomba kuiona tumbaku. Akaleta kopo la mafuta ya kupikia, akalifungua mbele yangu. Majani yalikuwa ya kahawia iliyoiva, yameshikana kama keki, yakinukia ndizi mbivu na nyasi kavu.

"Unanunua kwa nani?"

Akanitazama. "Kununua? Si hii ni yako! Ulituletea wakati wa matanga ya baba yangu, watu wavute. Ikabaki. Mama watoto akaisindilia humu, ikakaa miaka juu ya kabati chini ya mabati. Tumekuja kuikuta juzi juzi tu."

Nikachambua keki ile kwa kidole. Katikati nikakuta fundo langu, ukanda wa jani niliozoea kufungia vicha vya majani, nimeuzungusha kuelekea kushoto kama ninavyozungusha siku zote.

"Na mama ulimwambia ni ya nani?"

"Mimi niongee na mama mkwe? Wewe unaweza?"

Sikuweza. Akanigawia nusu, akacheka, akanisindikiza hadi barabarani. Laiti angenishinda kwa jani la mtu mwingine, ningelima zaidi. Alikuwa amenishinda kwa jani langu, bila kufanya lolote ila kulisahau.

Nusu ile niliipeleka Asumbi.

"Mama anasema usinunue kwa mwenzako. Kama huna ya kwako, acha."

"Ungemwambia ni yangu!"

"Nimemwambia. Amesema nimefanya vizuri kumtetea mume wangu."

Basi nikasindilia makopo yangu. Moja nilijaza majani ya rangi ya limau. Jingine majani ya juu ya mche, ya rangi ya chungwa, yenye sukari kidogo. Niliyapa unyevu wa kutosha tu kukunjika bila kuvunjika, nikakandamiza, nikaziba mifuniko kwa nta ya mshumaa, nikayaweka chini ya mabati. Yakapita masika mawili. Nilipoyafungua, lile la chungwa lilikuwa limetulia lakini halina kitu cha kusema. Lile la limau lilikuwa limebadilika kabisa, la kahawia, zito. Nadhani ile sukari ilikuwa imepungua, ikijila polepole pamoja na vitu vingine vya jani, na ukali umekwenda nayo. Tumbaku ilikuwa na sukari kidogo kuliko siku niliyoifunga, lakini ulimi uliiona tamu zaidi.

Mke wangu alipeleka kopo hilo jikoni kwa mama yake. Nikangoja kwa shemeji. Baada ya muda moshi ukapita juu ya ua, nikautambua.

Alirudi giza likiingia.

"Amevuta?"

"Amevuta. Halafu amejaza cha pili."

Mama mkwe hakuwahi kuvuta cha pili. Nilisimama. "Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Kopo la mwenzangu bado liko pale?"

"Liko, kando ya lako. Dada humwongezea."

"Hicho cha pili amejaza kutoka kopo lipi?"

Mke wangu alikuwa anakoroga uji wa mtoto wa kaka yake. Akasema hakuangalia. Nilimwuliza tena tulipofika nyumbani, na tena keshoye akipalilia. Mama mkwe hayupo tena sasa, na mpaka leo sijui.