Gurudumu la Vitambaa

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa kukereza mbao. Nyuma ya nyumba yetu ya Nangara alikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake mashine ya kukerezea aliyoundiwa na fundi wa kuchomelea wa mjini. Alitengeneza miguu ya vitanda, vinu vidogo vya kutwangia viungo, na mabakuli ya mbao, ambayo aliyapenda kuliko kazi nyingine yoyote. Mimi ni mshonaji. Wakati huo cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, karibu na stendi, duka la mzee mmoja Mwislamu aliyenipa nafasi ile bila maneno mengi. Mume wangu alikuwa machimboni Mirerani na alikuja nyumbani kwa nadra. Nyumbani tulibaki mimi, watoto wangu wadogo na wakwe zangu wawili.

Nilikuja Babati kutoka Singida. Nilipoolewa, mama mkwe aliniambia kwamba kwao mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe. Kila asubuhi niliweka chai mezani, nikasema, "Shikamoo baba," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha nikatoka. Miaka yote ile sikuwahi kuingia kibandani kwake. Nilikijua kwa mlio wake tu.

Mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, wafanyakazi wa ofisi walianza kuingia kutoka kila upande, wakipanga nyumba hata huku kwetu, na kila mmoja alihitaji vitu vya ndani. Kazi zilimjaa baba mkwe. Katikati ya neema hiyo, siku moja akitoka Nakwa na baiskeli, breki zilikatika kwenye mteremko akaanguka. Bega la kulia liliteguka. Hospitali walilirudisha, ila nguvu zake hazikurudi.

Kukereza bado aliweza, maana patasi huegemea chuma na kiwiko hubana ubavuni. Kilichomshinda ni kung'arisha. Kila bakuli alikuwa analipaka nta na kulisugua kwa kitambaa, mkono ukienda na kurudi, mpaka liwe laini kama ngozi ya mtoto. Sasa akisugua kidogo tu, bega lilimchoma. Mabakuli yakarundikana kibandani, yote yamefifia, kama yamemwagiwa vumbi.

Asubuhi moja nilipita na ndoo karibu na mlango nikamwona anasugua kwa mkono wa kushoto. Aliacha, akaligeuza lile bakuli kifudifudi kwenye vumbi la mbao, akakaa akilitazama. Nilipita haraka asijue kwamba nimeona.

Wiki hiyohiyo sonara wa duka la jirani alikuja barazani na kitu cha mviringo mkononi, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Vilikuwa vipande vya kitambaa vimeshonwa pamoja.

"Dada, nishonee kama hiki. Changu kimechakaa."

"Cha kazi gani?"

"Njoo uone."

Alikifunga kwenye kimota chake, akawasha, akagusisha pete nyeusi-nyeusi iliyokuwa mezani. Alipoigeuza upande wa pili, iliwaka mpaka nikajiona ndani yake, kidogo kama punje ya mtama. Nilisimama pale nimeshika futi yangu shingoni. Kitambaa kitupu! Kitambaa ninachokikanyaga chini ya cherehani kila siku!

"Na mbao je?" niliuliza.

"Mbao sijawahi. Labda ukikifanya kikubwa. Lakini usikandamize, mbao huungua."

Nikaanza kukusanya vitu. Mwenye duka aliniruhusu kuchukua mabaki ya marekani, ile pamba nyeupe ngumu ya mashuka. Mota niliipata kwa fundi wa kusuka mota aliyekuwa mteja wangu. Ilikuwa ya pampu ya maji ya nyumba ya wageni. "Pampu ndiyo imekufa," alisema, "mota yenyewe nzima." Nilimlipa kwa kumshonea suruali. Fundi wa kuchomelea aliunga boliti kwenye mhimili wake, na kwenye boliti zikakaa nati na washa mbili pana za kubana kitambaa.

Gurudumu nilishona mwenyewe. Niliweka mfuniko wa sufuria juu ya marekani, nikachora kwa chaki, nikakata duara baada ya duara. Cherehani ilikataa kupenya zote kwa pamoja, ikabidi nishone chache-chache, mizunguko kuanzia katikati kwenda nje, kisha nikaziunganisha kwa mkono kwa sindano ya magunia. Ukingo niliuacha wazi, bila kushona, kwa sababu cha sonara kilikuwa hivyo. Nilitengeneza magurudumu mawili. La kwanza lilikuwa la kupakwa chokaa iliyochekechwa na kuchanganywa na mafuta kidogo, ili lisugue. La pili lilikuwa la nta peke yake.

Vilipokuwa tayari nilimwomba mama mkwe ampelekee. Aliviangalia, akanirudishia.

"Mimi nitamwelezaje kitu nisichokijua? Nenda mwenyewe. Nitakaa pale mlangoni."

Alichukua kigoda na ungo wake wa maharage, akakaa mlangoni pa kibanda. Ndivyo nilivyoingia.

Baba mkwe alisimama aliponiona. Nilimweleza nikiangalia chini. Aliifunga mota kwa boliti kwenye ubao mzito, akachomeka waya. Gurudumu lilizunguka, na papo hapo mvua ya nyuzi nyeupe ikatumwagikia. Zilimjaa kichwani na kwenye nyusi. Mama mkwe alicheka mlangoni hadi akaweka ungo chini.

Nyuzi zilipoisha, alichukua bakuli la mgrevilea. Hakutaka kuharibu mninga kwa majaribio, na huo mgrevilea alikuwa ameutoa kwenye kuni za mama. Alilipitisha bakuli kwenye chokaa vizuri. Alipofunga gurudumu la nta badala yake, alilisogeza bakuli kwenye ukingo wake wa juu, gurudumu likalinyakua bakuli na kulitupa kwenye bati kwa kishindo. Alijishika bega, uso umekunjamana.

"Baba, pole! Tuache."

"Halijapasuka," alisema akilikagua. Alifikiri. "Linavuta kwenda chini. Kwa hiyo inatakiwa kuligusa chini ya katikati, ili likiponyoka lielekee sakafuni. Ila mimi siwezi kulizuia. Shika wewe."

Nilimtazama mama mkwe. Aliendelea kuchagua maharage.

Nikashika. Nilihisi mtetemo mpaka kwenye meno. Baba mkwe alisimama nyuma yangu akisema, "Taratibu. Geuza. Usikae hapo hapo. Geuza." Harufu ya nta ilijaa kibandani. Akazima mota, nikalipeleka bakuli mlangoni kwenye mwanga.

Mgrevilea ni mti wa kivuli na kuni. Hakuna anayeuangalia mara mbili. Lakini ndani ya bakuli lile kulikuwa na madoa yanayong'aa, mamia kwa mamia, yamepangana kama magamba ya samaki, na nilipoliinamisha yakahama. Yaliyokuwa ya dhahabu yakawa kahawia, ya kahawia yakawaka. Nililiinamisha tena, yakarudi. Ilikuwa kama kitu kilicho hai kimelala mle miaka yote, tunakipasua na kukitia jikoni.

Mama mkwe aligusa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka. "Huu ndio mti wangu wa kuni?"

Baba mkwe alisema neno kwa Kigorowa, lugha ya kwao, polepole. Sikulielewa, nikamwangalia mama.

"Anauliza, huyu ni nani," mama alisema, akionyesha bakuli kwa kidevu.

Alikuwa ameukereza mti huo tangu ujana wake, na hakuwahi kuuona. Kwa mkono hakuwahi kuusugua kiasi hicho, maana nani apoteze nguvu kwenye kuni?

Tangu siku hiyo nilipotoka barazani jioni nilipitia kibandani kabla jua halijazama. Yeye alikereza, mimi nikang'arisha, na mama mkwe akawa na kazi zake pale mlangoni, mpaka ikafika wakati hakuona haja ya kukaa tena. Tulijaribu kila kipande tulichookota: mparachichi, mpera, kisiki cha mgunga kutoka Mutuka, mti wa uzio ambao hata jina hatukulijua. Kila mara baba mkwe alikuwa wa kwanza kuliinamisha bakuli kwenye mwanga, halafu ananipa, ili nami nione kwa zamu yangu. Mteja mmoja wa ofisini aliuliza mbao hizi zinatoka nchi gani. Baba mkwe alimwonyesha mgrevilea uliosimama nyuma ya choo chetu. Yule bwana aliuzunguka mara kadhaa, kisha akaweka kiganja kwenye gome.