Majirani wa Uvimbe

Kaka yangu alipougua saratani ya mapafu, watu wa Kariakoo walinipa pole nikaipokea, ila moyoni sikuwa na pole yoyote ya kumpelekea. Mkewe alishafariki, wanawe wako ng'ambo. Nani wa kumpeleka hospitali? Mimi, niliyefukuzwa naye sokoni.

Tulikuja Dar pamoja kutoka Moshi, tukapanga fremu mbili za duka jirani karibu na Msimbazi, tukiuza mapazia. Biashara yangu ilipoanza kuipita yake, hakunitukana. Alianza na majirani. Wapagazi akawanunulia chai kila asubuhi, mizigo yangu ikawa inafika ya mwisho. Mlinzi wa jengo, ambaye nami nilikuwa namlipa, akawa anawaambia wateja wangu nimefunga. Nikilalamika, watu wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakalima kweli. Mwaka haukuisha, kodi ikanishinda, akaipanga yeye, akavunja ukuta wa katikati, fremu yangu ikawa stoo yake, mimi nikaenda kushona mapazia sebuleni Magomeni.

Basi daktari, kijana mpole, akatueleza dawa tuliyokuwa tunaisubiri. Yenyewe haiui uvimbe, inawaamsha askari wa mwili wauue. Lakini lazima kwanza wakate kipande cha uvimbe wakipime, waone umezungukwa na nini, maana hauishi peke yake. Huvuta mishipa ya damu iulishe, hujijengea ukuta wa makovu, na askari wanaokuja kuushambulia huwageuza wakae kuulinda. Wengine hata huufungulia njia ya kwenda kwenye mifupa na ini.

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Mjanja huyo," akasema. "Angefaa Kariakoo."

Nilimwangalia usoni. Hakukumbuka kitu. Hilo liliniuma kuliko hata fremu.

Siku ya majibu hakuweza kuinuka, nikaenda mwenyewe. Daktari akanisihi nimweleze taratibu. Nilimkuta kitandani, nikamwamkia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wamesemaje? Askari wangu wapo?"

Kumweleza taratibu sikutaka.

"Wapo," nikamwambia. "Ila ndani ya uvimbe hakuna hata mmoja. Wamekwama nje ya ukuta, na baadhi wanaulinda. Daktari anasema dawa haina wa kumwamsha. Ni kama yule mlinzi wa jengo letu, kaka. Nilimlipa mimi, akakutumikia wewe."

Alinikazia macho, kisha akayainamisha, nikajua sasa amekumbuka. Miaka yote nilitamani kuuona uso ule, na ulinipendeza, sitadanganya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mdogo wangu," akasema, "sasa nani atanisaidia?"

Nikavuta kiti mpaka mlangoni, nikakaa, nikamtazama tu, kama majirani walivyonitazama mimi siku ule ukuta unavunjwa.