Bi Subiri na Vidonge vya Mfukoni

Siku ya kwanza niliyoanza kazi katika ile nyumba ya kulelea wazee, niliambiwa nimfuate mwanamke mmoja mfupi, mnene, mwenye viatu vya raba vilivyolia kila alipopiga hatua. Wenzake walimwita Bi Subiri. Nikadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kumbe wapi! Lilitokana na neno lake la kila saa: "Subiri kwanza."

Alisukuma kitoroli cha dawa mpaka mlangoni, akafungua fomu ya mzee husika, akaisoma. Akachukua pakiti, akaisoma. Akatoa kidonge, kisha akaisoma tena pakiti kabla ya kuirudisha. Ndipo alipomgeukia mzee aliyemhudumia miaka sita na kumwuliza kwa heshima zote, "Baba, unaitwa nani?"

"Jana si nilikwambia?"

"Jana ilikuwa jana, baba. Niambie na leo."

Mzee akacheka, akajitaja. Bi Subiri akamkalisha wima, akampa kidonge na maji, akasimama pale pale akimwuliza habari za usingizi. Mtu hawezi kujibu vizuri na kidonge kiko chini ya ulimi. Akiridhika kimeshuka, ndipo aliposhika kalamu na kutia saini, si kabla.

Tulikuwa na wazee ishirini na mmoja. Sisi wengine tulimaliza mzunguko wa asubuhi kwa nusu saa tukaenda kunywa chai. Yeye alichukua zaidi ya saa nzima, na tulimcheka waziwazi.

"Dada," nilimwuliza siku moja, "huyu mzee unamjua kuliko mumeo. Jina la nini tena?"

Akanieleza bila kuona haya. Mwaka wake wa kwanza, chumba kimoja kilikuwa na akina mama wawili. Aliingia akauliza, "Wewe ndiye Mama Pacha?" Yule mwingine, ambaye masikio yake yalikuwa mazito na hakuwahi kuzaa pacha, akaitika, "Naam, mwanangu," kwa sababu tu ameitwa kwa upole. Akameza dawa ya sukari isiyo yake. Bi Subiri aligundua alipokuwa anarudisha pakiti. Hakuna aliyeona. Angeweza kunyamaza.

"Nilikwenda mbio kwa Sista," alisema, akimaanisha muuguzi wetu. "Tulishinda na yule mama siku nzima, tunampa chai ya sukari, tunampima, tunampima tena. Alipona. Lakini mimi nilijifunza: usimtajie mzee jina, mwache ajitaje mwenyewe. Asiyeweza kusema, tazama picha yake kwenye fomu."

Nilimsikiliza, nikatikisa kichwa, nikaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata tuliletewa msimamizi mpya, mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, simu mkononi wakati wote. Alituita wasaidizi wote kwenye chumba cha chakula akatangaza utaratibu mpya. Vidonge vyote vya asubuhi vitatolewa kwenye pakiti jioni ya kuamkia siku hiyo na kupangwa kwenye vikombe vidogo juu ya sinia. Asubuhi ni kugawa tu, na saini zote zitatiwa kwa mpigo.

Bi Subiri akanyoosha mkono.

"Bosi, kikombe hakina jina wala tarehe. Kikipinduka kimoja, nitajuaje hiki ni cha nani?"

"Mtakuwa waangalifu."

"Mimi kidonge nisichokitoa mwenyewe kwenye pakiti yake, sikigawi."

"Hiyo ni amri, mama."

"Nimekusikia, bosi. Na wewe umenisikia."

Sisi tukafuata sinia. Yeye akaendelea na kitoroli chake, na viatu vyake vikaendelea kulia kwenye korido saa moja nzima kila asubuhi.

Basi, miongoni mwa wazee wetu alikuwepo mmoja tuliyemwita Fundi Saa. Maisha yake yote alitengeneza saa. Alikuwa mkavu, mtaratibu, na akili yake ilikuwa imetulia kuliko ya wengi wetu. Daktari alimwandikia kidonge cha shinikizo la damu. Siku ya nne, Bi Subiri alipompa, akakirudisha mkononi mwake.

"Leo sikitaki."

"Sawa, baba. Kina nini?" Bi Subiri akavuta kiti, akakaa.

"Nikikimeza, halafu nikisimama, sakafu inanijia usoni. Jana nimeshikilia sinki ndiyo nikanusurika. Nimewaambia wenzako, wananiambia meza tu."

Hakumlazimisha. Alimweleza kwamba shinikizo likiachwa bila dawa lina hatari yake, na kwamba atampelekea daktari habari za kizunguzungu. Kisha akaandika kwenye fomu: *Amekataa. Anasema kinampa kizunguzungu akisimama.* Akaandika hivyo siku ile, na kesho yake, na keshokutwa.

Msimamizi akamwita ofisini. Mimi nilikuwa napanga mafaili pale, nikasikia yote. Alisema wakaguzi wanakuja mwezi ujao na hataki fomu zenye "amekataa, amekataa" kama mashairi. Aandike "amemeza" na yaishe.

"Lakini hakumeza."

"Ni neno moja tu, mama."

"Ndilo neno daktari atakalolisoma. Akisoma amemeza, atapanga tiba ya mtu aliyemeza. Siandiki."

"Unajua naweza kukuhamisha?"

"Nihamishe. Mkono utakaoandika uongo huo hautakuwa wangu."

Kesho yake alipelekwa chumba cha kufulia.

Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, alinisimulia baadaye jinsi jioni ile alivyomkuta mkewe anamenya viazi kwa hasira mpaka vinabaki kama kokwa. "Nikamwambia, mama watoto, andika tu, dunia nzima inaandika. Akanikata jicho! Akaniuliza, 'Wewe umelazwa hujiwezi, ungependa nani asimame kitandani kwako, mimi au dunia nzima?' Nikachukua kisu, nikaanza kumenya naye."

Mzunguko wake nilipewa mimi. Sasa hapa sina pa kujificha. Nilimpa Fundi Saa kikombe, akatia kidonge mdomoni, mimi nikaondoka na sinia. Saini nilikuwa nimeshatia. *Amemeza.* Wiki tatu nzima.

Siku moja nilipopeleka mashuka, Bi Subiri aliniuliza, "Fundi Saa anameza? Unasimama mpaka kishuke?"

"Nasimama," nikasema, nikitazama mashine inavyozunguka.

Hakubisha. Alikuwa tayari anajua. Kabla ya kutia nguo kwenye mashine huwa anapekua mifuko, na kwenye mfuko wa pajama la Fundi Saa alikuwa ameanza kuokota vidonge, vimelowa kidogo, vimeshika nyuzi. Cha kwanza alimpelekea msimamizi. Msimamizi alikitupa kwenye pipa akamwambia, "Kazi yako ni kufua." Sista alikuwa likizo ya uzazi, na aliyemshikia nafasi tulimwona kwa nadra. Basi kila kidonge kilichofuata Bi Subiri alikitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na nguo kilikotoka, akamsubiri daktari, ambaye huja mara moja kwa mwezi.

Siku ya daktari ikafika. Asubuhi ile msimamizi aliniita pembeni. Alikuwa amekiona kidonge kimoja sakafuni chumbani mwa Fundi Saa.

"Huyo mzee msumbufu. Kuanzia kesho kisage, kitie kwenye chai yake, asijue."

Nikaitikia, ndiyo bosi.

Daktari alimpima Fundi Saa, akamruhusu arudi chumbani, akabaki ofisini na msimamizi. Mimi nilisimama na fomu. Akapitia kurasa mbili za mwisho mstari kwa mstari huku amekunja uso.

"Shinikizo liko juu kuliko mwezi uliopita. Na dawa amemeza kila siku. Basi dozi haimtoshi, tutaiongeza mara mbili."

Mtu ambaye huenda hajameza chochote wiki tatu, kesho atanyweshwa dozi mara mbili, imesagwa, ndani ya chai. Na mwenye kusaga ni mimi. Nikasema nakwenda kuleta maji, nikatoka mbio mpaka chumba cha kufulia, nikamweleza Bi Subiri yote, na uongo wangu nao.

Hakunikaripia. Alikausha mikono kwenye aproni, akatoa bahasha juu ya kabati la sabuni, akaenda. Nilisikia viatu vyake mbele yangu korido nzima.

"Rudi kwenye kazi yako," msimamizi alisema alipomwona mlangoni, aproni inachuruzika maji.

"Nitarudi." Akamwaga vidonge mezani mbele ya daktari. Vilikuwa kumi na nne. "Hivi vimetoka kwenye nguo za Fundi Saa, daktari. Tarehe nimeandika. Alikuwa anakataa kwa sababu vinampa kizunguzungu, na hilo nililiandika kabla sijaondolewa. Rudi nyuma kurasa mbili."

Daktari akafunua. Akasoma. Akanyooshea kidole saini yangu. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. "Sikumwona akimeza hata siku moja. Na nimeambiwa kesho nikisage kwenye chai."

"Ukisage?" Daktari alisimama. "Hiki kimetengenezwa kiyeyuke kidogo kidogo mwilini kutwa nzima. Ukikisaga, chote kinamwingia kwa mara moja. Kwa dozi niliyotaka kuandika, mngemkuta sakafuni."

Msimamizi akaanza kusema mambo ya ukaguzi na muda. Bi Subiri akamkatiza.

"Na mzee aitwe. Mwili ni wake, anazungumziwa kama kiti."

Fundi Saa aliletwa. Akaeleza mwenyewe, kwa saa na dakika, kizunguzungu kinaanza lini na kinaisha lini. Daktari alimpima amekaa, akampima amesimama, akambadilishia dawa, akamwambia jinsi ya kuinuka taratibu.

"Hii nitaijaribu," mzee alisema. "Mngeniuliza mapema tusingechosha mifuko."

Daktari aliandika ripoti kwa wamiliki wa nyumba siku ile ile. Sinia la vikombe liliondolewa, na Bi Subiri akarudishiwa kitoroli. Mimi nilisimamishwa kugawa dawa miezi miwili, nikafundishwa upya, na mwalimu wangu alikuwa yeye. Nilistahili zaidi ya hapo.

Msimamizi hakuondoka mara moja. Wiki ile ile alimwandikia Bi Subiri barua ya onyo kwa kuacha kituo cha kazi bila ruhusa, akamwekea kalamu mbele yake atie saini kukiri kosa. Bi Subiri alivaa miwani, akaisoma barua, akairudia, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Kisha akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Kituo changu cha kazi ni mgonjwa," alisema. "Sikukiacha."

Barua hiyo imo kwenye faili lake mpaka leo, mahali pa saini pakiwa patupu. Msimamizi ameshahamia kwingine. Bi Subiri bado anachukua zaidi ya saa nzima kila asubuhi, na siku hizi na mimi nachukua saa nzima. Chai yangu naikuta imepoa.