Maabara ya Upande wa Pili wa Ukuta

Mlio ule Bi Ghalia anaukumbuka mpaka leo: mzito, mlegevu, kama gunia la unga lililodondoshwa na mtu aliyechoka. Ilikuwa dari ya maabara ya skuli yake inashuka. Miezi mitano maji ya kiyoyozi yalikuwa yakiilowesha, na miezi mitano Bi Ghalia alikuwa akiandika barua. Idara ya Elimu ilimjibu kila mara kwamba suala lake linashughulikiwa. Dari haikujua kusoma, basi ikachoka kungoja. Hakuumia mtu, wasichana walikuwa uwanjani na sambusa zao. Zilizokufa ni chupa na mirija yote ya kemia, mizani mbili, na kile kiunzi cha mifupa cha plastiki ambacho wasichana walikipa jina la mkaguzi.

Skuli hiyo ya sekondari ya wasichana iko Uarabuni, nje kidogo ya mji wa Ibra, kwenye njia ya kwendea Al Kamil. Imepakana na sekondari ya wavulana, na baina yao umesimama ukuta mmoja mrefu wenye mlango mdogo wa chuma. Ufunguo wa mlango huo unakaa Idara, mjini, ndani ya bahasha iliyopigwa muhuri, watoto wasije wakaazimana rula.

Mudira, yaani mwalimu mkuu, wa upande huu ni Bi Ghalia, aliyefundisha kemia miaka kumi na tisa kabla hajapewa kiti. Mudir wa upande ule ni Ustadh Thabit, mumewe. Kila asubuhi hutoka nyumba moja, ndani ya gari moja. Thabit humshusha mkewe getini kwake, kisha huzunguka mtaa mzima kwenda kuingia kwake, kama mtu aliyesafiri.

Wazee wa Bi Ghalia walitoka Unguja mjini, wa Thabit walitoka Tabora, na ndoa yao imedumu miaka ishirini na sita bila kuafikiana kama ni skuli au ni shule. Waliloafikiana ni kuwa Kiswahili ni cha nyumbani na Kiarabu ni cha kazi. Thabit akianza Kiarabu mezani, Bi Ghalia hujua mume kaondoka, kabaki mudir.

"Baba Hisham," alimwambia jioni ya siku ile, akimmiminia chai. "Maabara yangu imekwisha. Darasa la kumi na mbili wana wiki sita kabla ya mtihani, na alama za vitendo sijajaza hata moja. Wavulana wako wanatoka saa saba na nusu. Niazime yako, saa nane mpaka saa kumi."

Thabit akaikoroga chai iliyokwisha korogwa. "Kitab rasmi, ya ustadha."

"Barua rasmi? Kutoka kwangu mpaka kwako ni hatua themanini."

"Iende Idara. Idara wataniletea."

"Na hapa nisemapo hunisikii."

"Nakusikia, Mama Hisham. Barua ndiyo sijaipata."

Bi Ghalia alilelewa na bibi yake, Bi Shukriya, ambaye mwanzoni mwa karne iliyopita alisomeshwa Unguja kwa sharti moja la babake: mwalimu wa hesabu, kwa kuwa ni mwanamume, afundishie nyuma ya pazia. Mwaka mzima Bi Shukriya alifundishwa kugawanya na pazia. Alikuwa akisema lilikuwa pazia jema, halikupiga mtu. Bi Ghalia utotoni alikuwa akicheka mpaka machozi, akishukuru kuzaliwa zama za maendeleo.

Barua ikaandikwa. Ilichukua siku tisa kufika upande wa pili wa ukuta, karibu hatua tisa kwa siku, na si mwendo wa kubeza kwa karatasi yenye mihuri minne. Thabit aliisoma ofisini, akarudi nyumbani, akala, akasifu mchuzi, asiseme neno. Jibu lake likapita njia ile ile kwa siku nane: hapingi, ila anapendekeza iundwe kamati.

Siku zote hizo kulikuwa na Wijdan. Baba yake analima huko Samad Ash Shan, na mtoto ametia nia ya udaktari, nia ambayo bila alama za vitendo ingebaki kuwa nia. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa ofisi.

"Mudira, leo?"

"Leo bado, mwanangu."

Akaenda zake. Nyumbani akajifunza kwa simu, akidondosha siki ndani ya maji mekundu ya maua ya karkade kwa kijiko cha mamake, mpaka mamake akamuuliza lini jiko lake liligeuzwa hospitali.

Kamati ikakutana Idara. Bi Ghalia na Thabit walifika pamoja, wakibishana garini nani alisahau kununua samaki, wakaachana mlangoni. Wanaume chumba cha kushoto, wanawake chumba cha kulia, na kila meza imewekewa simu yenye kipaza sauti. Pazia la Bi Shukriya limepata umeme, Bi Ghalia aliwaza, akakaa.

"Ustadha Ghalia yupo?" simu iliuliza. Huyo ni Ustadh Nizar, mwenyekiti, mtu mwema anayeogopa kalamu yake mwenyewe.

"Nipo."

"Ustadh Thabit ana wasiwasi."

"Najua. Kaamka nao."

Wanawake wakacheka. Nyuma ya ukuta wanaume nao wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa heshima ya karani aliyekuwa akiandika.

"Nani atanihakikishia," sauti ya Thabit ilisema, "kwamba saa nane wavulana wote watakuwa wametoka?"

"Ustadh, wavulana wako kengele ikilia husahau hata mikoba. Wewe unachelea watabaki kusoma?"

Simu ikawa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe Nizar alisema kimya hicho kitaandikwa kuwa ni ridhaa.

Bi Ghalia alirudi na ushindi wake, lakini haukumkaa vizuri. Thabit si mtu wa kuta. Ndiye aliyewafundisha binti zao kuendesha gari, na jikoni anamshinda yeye kwa pilau. Mtu kama huyo anang'ang'ania nini katika chumba chenye meza na mabomba?

Alilijua hilo wiki mbili na nusu tu kabla ya mtihani, bahasha ya ufunguo ilipofunguliwa. Thabit aliwafungulia mlango, akabaki nje, uso ukielekea njiani. Wasichana ishirini na wawili wakaingia na mudira wao. Bomba la kwanza lilikohoa, likatema maji ya rangi ya chai. Makabati yalijaa makasha.

"Mudira," Wijdan alisema, kidole juu ya utepe wa gundi. "Haya hayajafunguliwa. Tarehe ya miaka mitatu nyuma."

Ukutani pamebandikwa alama za vitendo za wavulana, kila moja kati ya ishirini: kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na tisa. Mmoja kapewa kumi na saba, nadhani ili wengine waaminike.

Wasichana walitazamana. Bi Ghalia alichukua mkasi, akakata utepe.

Alasiri kumi walifanya kazi mle. Alasiri ya nne Wijdan alidondosha tone lake la mwisho, na maji ndani ya chupa yakawa waridi, rangi ile ile waliyoitafuta, hafifu, kama ukucha wa mtoto mchanga. Akakaa ameishika chupa, asiweze kuiweka chini.

Siku ya mwisho, wasichana walipokwisha ondoka, ilibaki fomu ya Idara: hali ya vifaa vilipopokelewa. Bila fomu hiyo alama za wasichana hazipokelewi. Bi Ghalia aliandika mstari mmoja: vimepokelewa ndani ya makasha, havijafunguliwa. Akatia saini, akatoka, akampa mumewe aisome.

Thabit aliisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza alionekana na umri wake.

"Mwalimu wa kemia aliondoka, mwengine hakuja," alisema. "Niliandika barua kumi na moja. Ningewapa nini wale watoto, sifuri? Wangeanguka wote."

"Ungeniambia."

"Kwa barua?"

Bi Ghalia nusura acheke. Nyuma yake, kwenye makabati ya wavulana, chupa zilikuwa zimepangwa zikikauka. Aliikunja fomu, akaitia mkobani.

"Hii naipeleka kesho," alisema.

"Najua."

Akamtazama mtu aliyezunguka mtaa mzima kila asubuhi kwa miaka saba ili aonekane anatoka mbali. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ambayo hata mlinzi wa geti hakuisikia:

"Walete wavulana wako hapa Jumapili saa kumi, Baba Hisham. Nitawafundisha mwenyewe."