Pua ya Mwalimu

Kila jioni, pua ya mwalimu wa Kiingereza hutangulia dirishani kwa jirani yake Kandida, kisha hufuata vidole vyeupe kwa chaki. “Shikamoo mama, leo kambale au perege?” Hucheka mwenyewe, akieleza kwamba Waingereza humwita mtu wa aina yake nosy, yaani mwenye pua. Kandida alikuwa akisonya na kufunika sufuria. Mvua za El Nino zikaleta malaria. Jioni moja jiko halikunukia, mwalimu akachungulia, akamkuta Kandida hoi kwa homa, akamkimbiza hospitali kwa baiskeli. “Ni udaku tu, mama,” alijitetea aliposhukuriwa. “Ila neno lao jingine la udadisi, curious, chimbuko lake ni Kilatini: kujali.” Siku hizi Kandida hafuniki sufuria. Mwalimu akichelewa, hufungua dirisha na kuita, “Mwalimu! Pua iko wapi leo?”